SOMO LA WIKI: Leseni ya Kinu cha Nyuklia, Haraka na Usalama

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepita Jangwani wakati wa masika anaifahamu hasara hii. Kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa bondeni, karibu na Mto Msimbazi, na huduma ikaanza mwaka 2016. Tangu hapo maji yameingia kituoni mara kadhaa, mabasi yameharibika na Barabara ya Morogoro imefungwa. Suala la mafuriko lilipaswa kumalizwa kwenye michoro. Likiachwa hadi baada ya ujenzi, gharama yake huwa kubwa zaidi.

Kwa vinu vya umeme wa nyuklia, kosa la aina hiyo huhesabiwa kwa mabilioni ya dola. Kenya na Uganda zimetangaza nia ya kujenga vinu, na Tanzania ina madini ya urani. Ni vyema basi mwekezaji mdogo akajua jinsi leseni inavyoweza kuokoa au kumaliza mtaji.

KONTENA LILILOKWAMA

Mtambo wa gesi hutumia fedha nyingi kununua gesi kila siku unapofanya kazi. Kinu cha nyuklia ni kinyume chake: sehemu kubwa ya fedha hutumika kabla ya kuuzwa uniti ya kwanza ya umeme. Fedha hizo kwa kawaida ni za mkopo, na riba haisubiri. Kila mwezi leseni inapochelewa ni sawa na kontena lililokwama bandarini, mzigo haujauzwa na tozo ya kuhifadhi inapanda.

Ndiyo maana wenye mtaji huwalalamikia wakaguzi. Hata hivyo, ajali moja huweza kufunga soko zima. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, Japani ilisimamisha vinu vyake vyote kufikia Mei 2012. Ujerumani, iliyo mbali kabisa na Fukushima, iliharakisha kuachana na nyuklia na kufunga vinu vyake vya mwisho Aprili 2023.

Kwa hiyo swali la mwekezaji lisiwe tu kama ukaguzi ni mkali au ni mwepesi. Aulize pia maswali ya usalama yanajibiwa lini, kabla ya zege kumwagwa au baada yake.

SOMO LA SHOREHAM

Nchini Marekani, kampuni ya Long Island Lighting ilitangaza katika miaka ya 1960 kwamba itajenga kinu, kilichokuja kuwekwa Shoreham. Makadirio ya awali yalikuwa chini ya dola milioni 100. Ujenzi ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 ikatokea ajali ya Three Mile Island, na masharti yakabadilika: kila kinu kiwe na mpango wa kuwahamisha wakazi wa jirani wakati wa hatari.

Shoreham ilikuwa karibu kukamilika. Mwaka 1983 serikali ya wilaya ya Suffolk ilisema wazi kwamba wakazi wa kisiwa hicho chenye barabara chache hawawezi kuhamishwa salama. Mvutano ukaendelea kwa miaka. Leseni kamili ilitolewa Aprili 1989, lakini tayari kampuni na serikali ya jimbo la New York zilikuwa zimekubaliana kinu kifungwe. Takriban dola bilioni 6 zilikuwa zimetumika bila umeme wowote wa kibiashara kuuzwa. Wateja waliachiwa deni hilo kwenye ankara zao.

Sharti la kuwahamisha watu halikuwa baya. Ubaya ni kwamba lilikuja mabilioni yakiwa yameshazikwa ardhini.

BARAKAH YA FALME ZA KIARABU

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hufuata mizigo Dubai. Umeme wa nchi hiyo sasa unatoka kwa kiasi cha robo kwenye vinu vinne vya Barakah, vyenye jumla ya megawati 5,600 hivi. Huko sheria ya nyuklia na chombo cha udhibiti viliundwa mwaka 2009, kabla mkataba na kampuni ya KEPCO ya Korea Kusini haujatiwa saini Desemba mwaka huohuo. Leseni ya kujenga vinu viwili vya kwanza ilitolewa Julai 2012.

Hata hapo muda ulipita. Kinu cha kwanza kilitarajiwa mwaka 2017, lakini leseni ya kukiendesha ilitolewa Februari 2020. Sababu mojawapo ilikuwa waendeshaji kuhitaji muda zaidi wa mafunzo. Miaka hiyo 3 ilikuwa na gharama, lakini mradi haukufa. Kinu cha nne kilianza kuuza umeme Septemba 2024.

HALI YA NYUMBANI

Mwaka 2019 Kenya ilitenganisha kazi mbili: wakala wa kuendeleza nyuklia, na mamlaka ya kuidhibiti. Hata hivyo, eneo la Uyombo, Kilifi, lilipata upinzani mkali wa wakazi. Hilo ni swali la aina ya Shoreham, na ni nafuu likiulizwa mapema.

Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki chini ya sheria ya mwaka 2003 inadhibiti na pia inahamasisha matumizi ya nyuklia. Kwa mashine za eksirei na madini huenda ikatosha. Kwa kinu cha umeme, kanuni za kimataifa hutaka mdhibiti aliye huru.

Urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, nayo ina funzo. Desemba 2010 kampuni ya ARMZ ya Urusi ilikubali kuinunua Mantra Resources, mwenye mradi huo, kwa takriban dola bilioni 1.16 za Australia. Baada ya Fukushima bei ilishushwa hadi takriban bilioni 1.02. Leseni ya uchimbaji ilipatikana mwaka 2013, lakini soko likawa baya na mradi ukalala. Kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Je, mdhibiti yupo, na hawajibiki kwa mwenye mradi?
2. Je, eneo limekubaliwa, na wakazi wamesikilizwa?
3. Je, michoro imekamilika, au ujenzi unaanza huku ikichorwa?
4. Masharti yakibadilika katikati, nani atalipa: mkandarasi, serikali, mwenye hisa au mteja?
5. Je, riba ya miaka 3 ya kuchelewa imo kwenye hesabu?

Mradi usio na majibu ya maswali haya, hata ukipewa leseni kesho, bado haujawa salama kwa fedha ya mtu mdogo.