SOMO LA WIKI: Biashara ya roketi, nani hupata faida na nani hubaki na karatasi?

Aprili 4, 2023, kampuni ya Virgin Orbit ya California, Marekani, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake kwa sababu haikuwa tena na fedha za kujiendesha. Siku 11 baadaye, Aprili 15, setilaiti ya kwanza ya uchunguzi wa ardhi ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa salama kutoka California hiyo hiyo, ikiwa imepakiwa kwenye roketi ya kampuni nyingine binafsi, SpaceX.

Makampuni yote mawili yalikuwa yakifanya kazi moja, nayo ni kubeba mizigo ya watu kuipeleka angani kwa malipo. Moja ilifilisika na nyingine iliendelea kurusha. Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, tofauti hiyo ndiyo somo la wiki hii, kwani maelfu ya watu wa kawaida wamekwishapoteza akiba zao kwa kununua hisa za makampuni ya anga bila kuielewa.

Roketi ni chombo cha uchukuzi

Ukiondoa moshi na kelele, biashara ya roketi haina tofauti kubwa na ya lori au meli. Kuna mwenye mzigo, mwenye chombo, nauli na bima. Mwenye mzigo ni kampuni ya simu, idara ya hali ya hewa, jeshi au chuo kikuu kinachotaka setilaiti yake ifikishwe kwenye mzingo wa dunia.

Tofauti ni kwamba kwa miaka mingi chombo kilitumika mara moja tu. Mtu mwenye jahazi linalozama kila baada ya safari moja hawezi kutoza nauli ndogo hata angekuwa na huruma kiasi gani. Aidha, kiwanda, wahandisi na kituo cha kurushia hugharimu fedha zile zile, roketi zirushwe mbili au 20.

Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama gharama za kudumu ni dola milioni 100 kwa mwaka, kampuni inayorusha roketi mbili hubebesha kila safari dola milioni 50 kabla ya kununua hata tone moja la mafuta. Inayorusha 20 hubebesha kila safari dola milioni 5. Kwa hiyo katika biashara hii wingi wa safari ni jambo la kufa na kupona.

Watu binafsi waliingiaje

Mwanzoni urushaji ulikuwa kazi ya serikali. Hata pwani ya Kenya ina historia hiyo: kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa Desemba 12, 1970 setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya.

Mwaka 1980 ilianzishwa Arianespace ya Ulaya, iliyokuwa ya kwanza kuuza urushaji kama biashara. Septemba 1982 roketi ya Conestoga, iliyogharimiwa na watu binafsi, ilifika angani kutoka kisiwa cha Matagorda, Texas. Mwaka 1984 Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu na kusimamia biashara hiyo, na Aprili 1990 kampuni ya Orbital Sciences ilirusha Pegasus, roketi iliyofyatuliwa kutoka chini ya ndege.

Katikati ya miaka ya 1990 matumaini yalikuwa makubwa. Iridium, mradi ulioanzishwa na Motorola, ulirusha makumi ya setilaiti kwa ajili ya simu za kutumika popote duniani. Huduma ilianza Novemba 1998. Lakini simu zilikuwa nzito na ghali, na wakati huo huo minara ya simu za mkononi ilikuwa imeenea mijini ambako wenye fedha waliishi. Agosti 1999 Iridium ilifilisika. Mradi uliogharimu takriban dola bilioni 5 uliuzwa kwa dola milioni 25 hivi.

Setilaiti zenyewe hazikuwa mbovu. Ziliendelea kufanya kazi chini ya wamiliki wapya kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni wateja wa kutosha wa kulipa deni. Hili ni somo la kwanza: chombo kinaweza kufaulu huku mwenye hisa akipoteza kila kitu.

SpaceX ilivyonusurika

SpaceX ilianzishwa na Elon Musk mwaka 2002. Roketi yake ndogo, Falcon 1, ilishindwa mara tatu mfululizo, mwaka 2006, 2007 na Agosti 2008, na fedha zilikuwa zikiisha. Jaribio la nne la Septemba 28, 2008 lilifaulu. Desemba mwaka huo idara ya anga ya Marekani, NASA, iliipa mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za kupeleka mizigo kwenye kituo cha kimataifa cha anga.

Wengi husimulia habari hii kama ushujaa wa mtu mmoja. Mfanyabiashara aisome upya. Kilichoiokoa kampuni ni mteja mkubwa mwenye uwezo wa kulipa na aliye tayari kusaini mkataba wa miaka kadhaa. Mkataba wa namna hiyo ndio ulioiwezesha kuendelea na majaribio.

Desemba 2015 sehemu ya kwanza ya roketi ya Falcon 9, ambayo ndiyo yenye gharama kubwa zaidi, ilirudi na kutua wima. Machi 2017 sehemu iliyokwisha kutumika ilirushwa tena. Kwa maneno mengine, jahazi liliacha kuzama. Mwaka 2024 kampuni ilirusha roketi zake za Falcon zaidi ya mara 130, nyingi zikibeba setilaiti zake yenyewe za huduma ya intaneti ya Starlink, ambayo ilifika Kenya Julai 2023. Hivyo kampuni ni mwenye lori na pia mwenye mzigo, na chombo hakikai bure kikisubiri mteja.

Basi la abiria na teksi

Kuanzia mwaka 2020 SpaceX ilianza kuuza nafasi kwenye safari za pamoja kwa dola milioni 1 kwa mzigo wa kilo 200, sawa na dola 5,000 kwa kilo. Taifa-1 ilisafiri kwa utaratibu huo wa pamoja, nao mradi mzima uliigharimu Kenya shilingi zake milioni 50 hivi.

Sasa linganisha na Virgin Orbit. Safari moja ya roketi yake iliuzwa kwa takriban dola milioni 12 kwa mzigo wa kilo 300 hadi 500, kutegemea mzingo. Hiyo ni dola 24,000 hadi 40,000 kwa kilo. Ni kweli mteja wake alipelekwa mahali na saa anayotaka, kama mtu aliyekodi teksi badala ya kusubiri basi. Lakini wenye haja ya teksi ni wachache. Katika maisha yake yote kampuni hiyo ilirusha roketi sita, nne zikafaulu, na mwaka 2022 ilirusha mbili tu. Safari ya Januari 2023 kutoka Cornwall, Uingereza, ilishindwa. Machi 2023 wafanyakazi 675, karibu asilimia 85, walitangaziwa kupunguzwa. Mali zake ziliuzwa kwa takriban dola milioni 36, wakati Desemba 2021 ilipoingia soko la hisa ilikuwa imekadiriwa thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.

Mlango wa uani wa soko la hisa

Makampuni mengi ya anga yaliingia sokoni kati ya 2019 na 2021 bila kupitia utaratibu wa kawaida wa kuuza hisa kwa umma. Kampuni tupu isiyo na biashara yoyote husajiliwa sokoni, hukusanya fedha kwa hisa za dola 10, kisha hutafuta kampuni halisi ya kuungana nayo.

Utaratibu huo una mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, uliruhusu wakuu wa kampuni kutangaza makadirio ya mapato ya miaka mingi ijayo kwa uhuru zaidi kuliko katika uuzaji wa kawaida. Pili, wenye hisa wa mwanzo wana haki ya kurudishiwa fedha zao kabla ya muungano. Virgin Orbit ilitarajia kupata hadi dola milioni 483 ikapata dola milioni 228, kwa kuwa wengi walichukua chao mapema. Ukiona wenye nyumba wanatoka na mizigo yao, mgeni anayeingia anapaswa kuuliza kulikoni.

Virgin Galactic, iliyotaka kuwapeleka watalii ukingoni mwa anga kwa dakika chache, iliingia sokoni mwaka 2019. Februari 2021 bei ya hisa moja ilipita dola 50. Julai 11, 2021 Richard Branson mwenyewe alisafiri akarudi salama, na dunia ilishangilia. Kesho yake kampuni ilitangaza mpango wa kuuza hisa mpya za hadi dola milioni 500, na bei ikaanguka kwa karibu asilimia 17 siku hiyo hiyo. Safari za kulipiwa zilianza Juni 2023, na Juni 2024 chombo chake kilifanya safari ya mwisho ili kupisha ujenzi wa vipya. Mwezi huo huo kila hisa 20 za zamani ziliunganishwa kuwa moja.

Aliyenunua hisa 20 kwa dola 1,000 ile Februari 2021 alibaki na hisa moja, na mwisho wa mwaka 2024 hisa hiyo haikufika dola 10.

Mwenye hisa za Astra, nayo ya California, hakuwa na nafuu. Kampuni iliingia sokoni Julai 2021 ikikadiriwa dola bilioni 2.1. Mwaka 2024 waanzilishi wake waliinunua na kuitoa sokoni kwa senti 50 kwa hisa.

Si wote walioanguka. Rocket Lab, iliyoanzishwa New Zealand na Peter Beck mwaka 2006, iliingia sokoni Agosti 2021 kwa mlango ule ule. Hisa zake zilishuka chini ya dola 5 mwaka 2022, lakini mwisho wa 2024 zilipita dola 20. Tofauti yake ni kwamba sehemu kubwa ya mapato yake haikutoka kwenye roketi, bali kwenye kutengeneza setilaiti na vipuri vinavyonunuliwa na wengine, hata wale wanaosafiri kwa roketi za washindani. Hata hivyo, aliyelazimika kuuza mwaka 2022 ili alipe ada ya shule alipata hasara kama wenzake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

1. Mteja ni nani? Mkataba uliosainiwa wenye kiasi na tarehe ni tofauti na orodha ya watu walioonyesha nia.

2. Chombo kinasafiri mara ngapi kwa mwaka? Kufaulu mara moja ni habari ya gazeti. Kufaulu kila mwezi ni biashara.

3. Fedha taslimu zilizopo zinatosha miezi mingapi? Gawa akiba ya kampuni kwa matumizi yake ya mwezi. Ikiwa jibu ni chini ya 12, tarajia hisa mpya zitakazopunguza fungu lako.

4. Je, kuna mapato mengine iwapo roketi italipuka kesho?

5. Nani anauza wakati wewe unanunua?

Iongezwe kwamba kampuni iliyofaulu kuliko zote, SpaceX, ilikuwa haijauza hisa zake hadharani hadi mwisho wa mwaka 2024. Faida kubwa ya miaka hiyo ilikwenda kwa wachache waliokuwa ndani, na mwekezaji mdogo aliachiwa kuchagua miongoni mwa waliobaki.

Usafiri wa anga utaendelea kukua, na nauli zimeshuka kweli. Lakini nauli inaposhuka, wa kwanza kunufaika ni mwenye mzigo, kama Kenya na Taifa-1 yake. Mwenye chombo hunufaika baadaye, iwapo atakuwa bado yupo. Anayetaka kushiriki aweke kiasi ambacho akikikosa hakitamfungia duka, na aache fedha za mtaji wa kila siku mahali pake.