Vitu vya Java katika Skripti za Python: Ukopaji au Ubadilishaji Msimbo?

1.0 Utangulizi

Neno "lugha" linapotumiwa kwa mifumo ya kuandikia programu za kompyuta, mara nyingi huchukuliwa kuwa sitiari tu. Hata hivyo, lugha mbili za aina hiyo zinapokutana katika matini moja, huzuka swali ambalo wanaisimu wamelishughulikia kwa muda mrefu: kipashio kigeni hutii sarufi ya nani? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Jython, mfumo ulioanzishwa na Jim Hugunin mwaka 1997 kwa jina la JPython, ambao huwezesha skripti za Python kutumia vitu vya Java. Hoja kuu ni kwamba haitoshi kusema kuwa skripti "inakopa" kutoka Java. Michakato inayohusika ni miwili, na kutoitofautisha huzaa makosa.

2.0 Kitu kigeni katika sarufi ya mwenyeji

Myers-Scotton (1993), akitumia data ya Kiswahili na Kiingereza kutoka Nairobi, anatofautisha lugha kuu na lugha pachikwa. Katika "ali-decide kurudi", nafsi na njeo ni za Kiswahili ilhali mzizi ni wa Kiingereza.

Hali ya Jython inakaribiana na hiyo. Katika Java, urefu wa orodha ya aina ya ArrayList huulizwa kwa orodha.size(), na kipengele cha kwanza hupatikana kwa orodha.get(0). Katika Jython mbinu hizo hubaki, lakini len(orodha) na orodha[0] pia ni sahihi. Alama == inadhihirisha jambo hili zaidi. Katika Java, alama hiyo huuliza iwapo majina mawili yanarejelea kitu kimoja. Kwa hiyo, orodha mbili mbalimbali zenye vipengele sawa hutoa jibu la "si kweli". Katika Jython, alama hiyohiyo huita mbinu equals ya kitu chenyewe, na jibu huwa "kweli". Orodha hazikubadilika, kilichobadilika ni sarufi inayozizunguka.

3.0 Thamani iliyopata uenyeji

Thamani sahili hufuata njia nyingine. Namba ya aina ya int katika Java ina kikomo cha juu cha 2147483647. Ikiongezwa 1, Java hutoa -2147483648. Namba hiyo ikiingia katika Jython hugeuzwa kuwa namba ya Python, nayo ikiongezwa 1 huwa 2147483648, kwa kuwa namba za Python hazifungwi na kikomo hicho.

Mchakato huu unafanana na historia ya neno "kitabu". Silabi ki- katika neno la Kiarabu ni sehemu ya neno lenyewe, lakini Kiswahili kiliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, kikapata "vitabu". Wingi wa Kiarabu, kutub, haukufuata. Neno lililopata uenyeji namna hiyo halirejei kwao likiwa lilelile. Vivyo hivyo, 2147483648 ikipelekwa kwa mbinu ya Java inayodai int, hukataliwa kwa kosa la aina.

4.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba vitu vya Java hupachikwa katika Python huku vikihifadhi utendaji wao wa ndani, ilhali thamani sahili hukopwa na kugeuzwa kabisa. Mwanafunzi anayeambiwa tu kuwa Jython "hutumia Java" atatarajia == na kujumlisha kufuate kanuni za Java, naye atakosea kotekote, kila mahali kwa sababu tofauti.

Kwa isimu, mfano huu una faida na mpaka wake. Katika lugha za binadamu, mstari kati ya ukopaji na ubadilishaji msimbo una ubishi, kwani huamuliwa na mazoea ya jamii, nayo hubadilika. Katika Jython mstari huo huamuliwa na aina ya thamani. Kwa hiyo, mashine inaweza kufafanua michakato hiyo miwili, lakini haiwezi kueleza namna neno linavyovuka kutoka mmoja hadi mwingine. Kazi hiyo inabaki kwa wazungumzaji.