Dondoo muhimu: masomo ya watoto ya hisabati na kuandika programu mtandaoni, Tarime na Serengeti

Katika kundi la watoto wanne hadi sita, mwalimu huona kazi ya kila mmoja. Wakizidi thelathini, darasa huwa kama kutazama video tu.

1. Uliza idadi ya watoto kabla ya kulipa, na uombe kipindi cha majaribio.
2. Hakiki saa: ratiba ikiandikwa 4 PM, ni saa 10 jioni. Ni rahisi kukosa kipindi cha kwanza kwa kuchanganya saa.
3. Ukiwa Sirari au vijiji vya mpakani, chagua mtandao wa Tanzania mwenyewe na uzime roming. Simu ikidaka mnara wa Kenya, salio huyeyuka.
4. Kwa programu, anza na Scratch, lugha ya watoto ya kuandika programu: ni ya bure, ina Kiswahili, na ikishapakuliwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti.
5. Simu inatosha kwa hisabati. Kwa programu tafuta kompyuta, hata ya kuazima, kwani kuburuta vipande vya amri kwenye kioo kidogo humchosha mtoto.
6. Chaji vifaa mapema.
7. Kaa karibu, lakini usimkokotolee: jibu sahihi la mama humficha mwalimu kosa la mtoto.
8. Usiweke picha wala namba ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la darasa.