Vidonda vya Ngozi Visivyopona kwa Watoto: Nafasi na Mipaka ya Dawa za Mitishamba katika Shinyanga na Geita

Utangulizi

Mtoto mwenye vidonda vya ngozi mara nyingi hufika zahanati akiwa ameshatibiwa zaidi ya mara moja. Ameoshwa kwa maji ya magome, amepakwa majani yaliyotwangwa, amenyweshwa dawa iliyonunuliwa dukani bila kupimwa. Vidonda vilikauka kwa wiki moja, kisha vikarudi. Mlezi anapofika kwa mhudumu wa afya huwa na swali moja: ipo dawa yenye nguvu zaidi?

Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo, japo ni la haki, kwa kawaida si swali la kwanza. Linaangalia vilevile kinachojulikana kuhusu miti ya dawa inayotumika Shinyanga na Geita, mahali ambapo miti hiyo inaweza kusaidia, na mahali ambapo kuitegemea kunaweza kumgharimu mtoto figo, mguu au uhai.

Mfano wa kufundishia

Mtoto wa kike wa miaka 4 anaishi na bibi yake katika makazi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita. Kwa miezi 2 amekuwa na vidonda miguuni na matakoni, vyenye magamba ya rangi ya asali. Alipewa vidonge vya rangi mbili kwa siku 3. Vidonda vikanywea, vikarudi. Bibi akachemsha magome ya mlungulungu akamwosha. Vikapungua, vikarudi tena.

Mhudumu anapomvua mtoto nguo zote anaona vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kuzunguka kitovu. Anauliza kuhusu usiku. Bibi anajibu kwamba mtoto hujikuna hadi alfajiri, na kwamba wadogo zake wawili wanaolala naye wanajikuna pia. Jibu limepatikana: chanzo ni upele, yaani wadudu wanaochimba ndani ya ngozi. Bakteria wameingia kupitia michubuko ya kucha. Dawa zote mbili, ya dukani na ya mti, zilishughulika na bakteria huku mlango waliopitia ukiachwa wazi.

Kwa nini kidonda kinarudi

Kidonda cha bakteria kwenye ngozi ya mtoto husababishwa hasa na Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes. Kinapoitwa sugu, sababu huwa mojawapo ya hizi nne, au kadhaa kwa pamoja.

Kwanza, kuna ugonjwa mwingine chini yake. Upele, ukurutu, funza na kuumwa na wadudu huifungua ngozi. Ikiwa ugonjwa huo haukutibiwa, kidonda kipya huota kabla cha zamani hakijafunga.

Pili, bakteria wanakaa ndani ya nyumba. Takriban mtu 1 kati ya 3 hubeba Staphylococcus aureus puani bila kuugua. Taulo moja, wembe mmoja na kitanda kimoja vinatosha kumrudishia mtoto alichoponyeshwa jana. Pale maji yanaponunuliwa kwa dumu, kuoga na kufua huwa vitu vya kwanza kupunguzwa.

Tatu, dawa haikufaa au haikutimia. Sehemu kubwa ya bakteria wa Staphylococcus aureus hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini na amoksilini. Kwa hiyo kidonge cha amoksilini kinaweza kumezwa kikamilifu na bado kisifanye kazi. Kumwaga unga wa kidonge juu ya kidonda hakuponyi, bali hufundisha bakteria usugu. Katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, watafiti wamekwisha kubaini Staphylococcus aureus wasiosikia hata dawa za jamii ya kloksasilini.

Nne, mwili wa mtoto au kidonda chenyewe kina kizuizi. Utapiamlo na maambukizi ya VVU hupunguza uwezo wa mwili kujitetea. Jipu lililojaa usaha halitaponywa kwa dawa peke yake, iwe ya hospitali au ya mti, mpaka usaha utolewe na mtaalamu kwa vifaa safi.

Miti ya dawa na kinachojulikana kuihusu

Shinyanga ni mkoa wenye elimu kubwa ya miti. Ngitili, maeneo ambayo Wasukuma huyafunga kwa ajili ya malisho ya kiangazi, zilifufuliwa kwa upana kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, na pamoja na nyasi ilirudi miti ya dawa. Miongoni mwa inayojulikana sana ni mlungulungu (Zanthoxylum chalybeum), mlundalunda (Cassia abbreviata), mzima (Terminalia sericea) na nengonengo (Securidaca longepedunculata). Mwarobaini (Azadirachta indica), ingawa ulitoka Asia ya Kusini, umekuwa mti wa kila ua.

Kitaifa, utafiti wa dawa hizi si jambo jipya. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na kusimamia huduma zao. Kwa hiyo mhudumu anayemkejeli mlezi kwa kutumia mti wa dawa anakejeli jambo ambalo nchi yenyewe imelitambua.

Kutambuliwa, hata hivyo, si sawa na kuthibitishwa. Hapa inafaa kuelewa hatua tatu za ushahidi.

Hatua ya kwanza ni maabara. Dondoo za mizizi na magome ya miti ya jamii ya Terminalia zimeonyesha mara nyingi uwezo wa kuzuia Staphylococcus aureus kwenye sahani ya maabara. Lakini kipimo ni muhimu kuliko neno «inaua». Dondoo ghafi nyingi huzuia bakteria zinapofikia mamia ya mikrogramu au hata miligramu 1 kwa kila mililita, ilhali antibiotiki nzuri hufanya kazi hiyo kwa mikrogramu 1 au pungufu. Tofauti inaweza kufika mara 1,000. Kiasi hicho kinaweza kupatikana juu ya ngozi iliyooshwa, lakini hakiwezi kupatikana kwa usalama ndani ya damu ya mtoto aliyenyweshwa kikombe.

Hatua ya pili ni matumizi kwa wagonjwa bila kundi la kulinganisha. Mwaka 1992 watafiti wa India walichapisha taarifa ya watu 814 wenye upele waliopakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano; asilimia 97 walielezwa kuwa wamepona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi lililopewa dawa ya kawaida ili ijulikane ipi ilizidi.

Hatua ya tatu ni majaribio yenye ulinganisho. Asali iliyosafishwa kwa matumizi ya tiba imefika hapo: imeonekana kuponyesha majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko baadhi ya vifungashio vya kawaida. Hilo ni jambo zuri kwa nchi ya wafuga nyuki, ila haliihusu asali ghafi ya sokoni moja kwa moja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe asali kamwe.

Matumizi ya nje yenye tahadhari

Kwa vidonda vichache, visivyo na kina, kwa mtoto asiye na homa, msingi wa tiba ni usafi. Vidonda vilowekwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, magamba yalainike na kuondolewa taratibu kwa kitambaa safi, sabuni ya kawaida itumike mara 2 kwa siku, kucha zikatwe. Maji ya chumvi yanafaa: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Marhamu ya antibiotiki hutumika kadiri mhudumu atakavyoelekeza.

Mlezi anayetaka kuongeza maji ya majani ya mwarobaini azingatie masharti haya:

1. Mti ujulikane kwa hakika, na usichumwe karibu na mabaki ya machimbo au mahali zebaki inapochomwa, kwani mimea inaweza kufyonza metali nzito.
2. Maji yachemshwe kikamilifu, yapozwe, yatumike siku hiyohiyo na mabaki yamwagwe.
3. Majani mabichi yaliyotwangwa, udongo, majivu au samadi visiwekwe juu ya kidonda kilicho wazi. Vinaweza kuingiza bakteria wapya, wakiwemo wa pepopunda.
4. Mtoto asinyweshwe. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza watoto wachanga waliopata madhara makubwa ya ubongo na ini baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mizizi ya nengonengo nayo ni sumu inayojulikana.
5. Ikiwa hakuna nafuu ndani ya siku 3, au vidonda vikiongezeka wakati wowote, mtoto apelekwe kituoni.

Kwa mtoto wa mfano, tiba iliyoleta tofauti ilikuwa kutibu upele kwa watu wote wa nyumba ile siku moja, ikiwa ni pamoja na wasiojikuna, na kufua nguo na mashuka. Visivyofulika hufungwa ndani ya mfuko kwa siku kadhaa. Mwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa. Si lazima uwe dalili kwamba dawa imeshindwa.

Tambazi: pale kusubiri kunapoua

Uvimbe wenye maumivu unaosambaa kwenye kiungo huitwa na wengi tambazi, na wapo wanaoamini kuwa mgonjwa wa tambazi akichomwa sindano atakufa. Imani hiyo ina mantiki ya kile kilichoonekana: watu hufikishwa hospitali wakiwa mahututi, huchomwa sindano, kisha hufariki. Kilichowaua ni siku zilizopotea kabla ya sindano. Chini ya uvimbe huo panaweza kuwa na usaha ndani ya msuli au mfupa, na bakteria wanaoingia kwenye damu. Hakuna maji ya magome yanayofika huko. Mtoto huyo anahitaji antibiotiki ya mshipa na pengine upasuaji wa kutoa usaha siku hiyohiyo.

Si kila ngozi mbaya ni ya bakteria

Katika ukanda wa dhahabu lipo jambo jingine la kukumbuka. Pale dhahabu inapokamatishwa kwa zebaki na kuchomwa karibu na nyumba, watoto huvuta mvuke wake. Sumu ya zebaki kwa mtoto inaweza kuonekana kama viganja na nyayo zilizovimba, zenye wekundu au rangi ya waridi, zinazouma, kuwasha na kubambuka, pamoja na jasho jingi, kukosa usingizi na hasira isiyo ya kawaida. Antibiotiki haimsaidii, wala mti. Anayechoma dhahabu aulizwe anachomea wapi, na mtoto apewe rufaa.

Namna ya kuuliza

Mlezi huficha dawa za mti kwa kuogopa kukaripiwa, na mhudumu asiyejua mtoto amepewa nini hutibu gizani. Mazungumzo mafupi yanaweza kutosha:

«Shikamoo, bibi.»
«Marahaba, mjukuu wangu.»
«Pole na kuuguza. Kabla ya kuja, mmemsaidia mtoto kwa dawa zipi za nyumbani? Nikizijua nitampa dawa zisizogongana nazo.»
«Nilimwosha kwa mlungulungu.»
«Umefanya vema kumwosha, bibi. Je, kuna aliyokunywa?»

Swali la mwisho ndilo la hatari zaidi na ndilo linalohitaji heshima iliyotangulia.

Dalili za kumkimbiza mtoto hospitali

Mtoto apelekwe bila kusubiri akiwa na homa, ulegevu au kushindwa kunyonya; uvimbe unaosambaa au maumivu makali ya kiungo; uvimbe kuzunguka jicho; ngozi inayobambuka kwa eneo kubwa; au kidonda chochote chenye usaha kwa mtoto wa chini ya miezi 2. Uso kuvimba asubuhi na mkojo wa rangi ya chai, hata wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda kupona, ni dalili ya figo kuumia kutokana na Streptococcus. Mtoto huyo asipewe dawa yoyote ya mti ya kunywa.

Maswali ya kujipima

1. Ni mambo gani manne yanayofanya kidonda cha ngozi kirudi, na lipi kati yake linaweza kutambuliwa kwa kumvua mtoto nguo na kuuliza kuhusu usiku?
2. Kwa nini dondoo inayozuia bakteria maabara inaweza kufaa kwa kuosha lakini isifae kwa kunywesha?
3. Mlezi anakataa sindano kwa sababu mtoto ana tambazi. Mhudumu aanzie wapi bila kuidharau imani yake na bila kupoteza saa?

Hitimisho

Elimu ya miti iliyohifadhiwa kwenye ngitili ni hazina, na utafiti wake unapaswa kuendelea. Lakini kidonda kinachorudi mara ya tatu hakihitaji mti wa nne kabla ya kutafutiwa sababu. Mhudumu amkague mtoto mwili mzima, aulize habari za wote wanaolala naye, na ahakikishe mlezi anaweza kutaja kila dawa aliyompa bila kuona haya.