Gari Linapochemsha, Usifungue Rejeta



Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, tulikuwa tunatoka Karema kuja Mpanda kwa Land Rover. Ndani alikuwemo mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Njiani mshale wa joto ukapanda. "Jamani, hii gari inachemsha!" dereva akasema, akasimama. Utingo akaruka chini, akashika kitambaa, akafungua mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yakaruka, yakamwunguza mkono na kifua. Tukawa na wagonjwa wawili, na gari halisogei. Bahati njema lori lilipita, likatuchukua.

Baadaye fundi alikagua gari. Uso wa rejeta ulikuwa umejaa mbegu za majani makavu. Kumbe ni kitu cha kusafisha kwa dakika tano! Kwa hiyo leo tujifunze kutunza maji ya injini.

MAJI YANAFANYA KAZI GANI?

Injini ikifanya kazi hutoa joto kali. Maji huzunguka ndani yake na kuchukua joto hilo. Pampu huyasukuma mpaka kwenye rejeta, yenye mirija myembamba. Upepo ukipita katikati ya mirija, maji hupoa, kisha hurudi kwenye injini. Ni kama tunavyomimina chai kwenye kisosi ili ipoe. Mbegu zikiziba njia ya upepo, maji hayapoi.

Mfuniko nao una kazi yake. Unabana maji yasichemke mapema. Mpanda ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hapa maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Lakini maji yaliyobanwa ndani ya rejeta huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko ghafla, hugeuka mvuke mara moja na kukurukia. Ndiyo maana pia gunzi au kitambaa hakiwezi kuwa mfuniko.

KILA ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

1. Fungua mfuniko, tazama maji. Yakipungua kila siku, tafuta yanapovuja. Usijaze tu na kuondoka.

2. Bonyeza mipira ya maji. Iliyopasuka au kulainika sana ibadilishwe.

3. Bonyeza mkanda wa feni katikati. Uingie kidogo tu, kama unene wa kidole. Ukilegea, feni haivuti upepo wa kutosha.

4. Tazama uso wa rejeta. Kiangazi tunapopita porini, mbegu na wadudu hunasa hapo. Ondoa kwa brashi laini, au mwaga maji taratibu kutoka upande wa injini kuja mbele.

Tumia maji safi. Maji ya mto yenye tope huacha uchafu ndani ya mirija. Yakikulazimu njiani, rejeta isafishwe mkifika. Kulanti ni bora zaidi, maana huzuia kutu. Lakini ni sumu, na ina utamu. Watoto na mifugo wasiifikie.

GARI LIKICHEMSHA NJIANI

Simama, zima injini. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono. Kisha weka kitambaa kinene juu ya mfuniko, ufungue polepole. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, maana chuma kinaweza kupasuka. Gari likichemsha tena, usilazimishe safari. Gasketi ikiungua, gharama yake ni kubwa kuliko kungoja.

Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Mpeleke zahanati.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maji ya rejeta huruka mfuniko unapofunguliwa?

2. Gari linalobeba wagonjwa wetu linakaguliwa na nani kila asubuhi?

3. Tukiwa abiria wenye haraka, tunamwambia nini dereva anayetaka kungoja injini ipoe?