AMETOKA GEREZANI. JE, UTAMPOKEA?

SOMO: Filemoni, mstari wa 1 mpaka 25



Leo nasema na wewe ambaye una ndugu aliyefungwa. Labda ni mwanao, labda ni mumeo, dada yako au mdogo wako. Hukumu ilisomwa mbele za watu, jina la ukoo likachafuka, mkaona aibu hata kupita sokoni. Sasa miaka imepita. Siku zake zimekwisha, au ametoka kwa parole, au kwa msamaha wa Rais. Amesimama mlangoni kwako na kifurushi chake mkononi. Utafanya nini?

Wengi tunasema, "Nimemsamehe," halafu tunaficha ufunguo wa kabati. Chakula anapewa, lakini hatumwi hata dukani. Mtoto akimsogelea, mtoto anaitwa. Ndugu yangu, huyo hajapokelewa! Ametoka gereza moja akaingia lingine. Na kule kijiweni wenzake wa zamani wanamngoja. Wao hawamwangalii vibaya. Akikosa nafasi kwako, kwao ipo.

Hebu fungua barua ya Filemoni. Ni sura moja tu, mistari 25. Paulo aliiandika naye akiwa mfungwa. Anamwombea Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake Filemoni, na sasa anarudi. Lakini Paulo hakuishia kuomba. Angalia mambo manne aliyofanya.

1. HAKUFICHA KOSA (mstari wa 11 na 18)

Paulo anasema wazi kwamba zamani Onesimo hakuwa wa faida, tena anataja habari ya deni. Na wewe usidanganye majirani kwamba kijana alikuwa Afrika Kusini anatafuta maisha. Mtaa unajua! Uongo huo utamfanya aishi kwa hofu kila siku. Nenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, sema, "Huyu ni wetu, amerudi, anakaa kwetu."

Lakini ukishasema mara moja, basi. Mkigombana juu ya sukari usimkumbushe jela. Kosa lilihukumiwa, adhabu ameitumikia. Wewe si hakimu wa pili.

2. HAKUMRUDISHA PEKE YAKE

Soma Wakolosai 4:7-9. Onesimo alisafiri na Tikiko. Alikuwa na mtu wa kutembea naye.

Aliyekaa ndani miaka mingi anakuta dunia imebadilika. Mwaka 2020 hapa Tanzania laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Bila namba ya NIDA hapati laini kwa jina lake, na bila laini hawezi kutumiwa hata ujira wake kwa simu. Sasa usimwambie tu, "Nenda kafuatilie." Nenda naye! Panga naye foleni.

Soma naye pia karatasi aliyotoka nayo. Aliyetoka kwa parole bado anamalizia kifungo chake nje, chini ya uangalizi. Ana masharti, na akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Jueni siku zake za kuripoti, mumkumbushe, mumpe nauli.

3. ALIKUBALI KUINGIA GHARAMA (mstari wa 18 na 19)

Paulo alisema deni la Onesimo aandikiwe yeye. Huo ndio upendo, mpendwa. Maneno matupu hayamjengi mtu.

Gerezani wengi hujifunza kazi. Karanga kule Moshi wanatengeneza viatu, Ukonga wanatengeneza samani. Muulize ndugu yako, "Ulijifunza nini?" Kama ni useremala, mtafutieni randa na msumeno kabla ya kumpa mamilioni ya mtaji. Anza na kidogo, aonekane mwaminifu, kisha ongeza. VETA nao hupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Cheti hicho kitamsemea pale ambapo jina lake bado linatiliwa shaka.

Halafu yuko aliyekosewa. Zakayo katika Luka 19 hakusema samahani tu, alirudisha mali. Ndugu yako naye atafute kurudisha anachoweza, hata kidogo kidogo. Lakini asiende peke yake kubisha hodi kwa yule aliyemwumiza. Tangulizeni wazee. Wakikataa kumwona, heshimuni. Wana haki hiyo.

4. ALISEMA ATAKUJA (mstari wa 22)

Paulo aliomba aandaliwe chumba. Maana yake anakuja kuona mambo yanakwendaje! Siku ya kwanza ndugu hujaa, kuku huchinjwa. Mwezi wa tatu amebaki peke yake, kazi hana, usingizi hapati. Hapo ndipo wengi huanguka. Pangeni zamu ya kumtembelea. Akirudi amechelewa, uliza kwa upole kabla ya kulaumu.

ANGALIZO

Sikia vizuri hapa. Kama kosa lake lilikuwa kumwumiza mtoto au mke, msamaha sio kumrudisha alale nyumba moja na aliyeumizwa. Mtafutieni pa kukaa pengine, mkamwone Afisa Ustawi wa Jamii. Kumlinda mnyonge nako ni upendo. Usimlazimishe mtoto kusema amesamehe ili wakubwa wapate amani.

Na kama ndugu yako bado yuko ndani, usingoje atoke. Nenda kamwone. Mathayo 25:36 yahesabu jambo hilo kuwa umemtembelea Bwana mwenyewe.

Nawe uliyetoka gerezani ukaokota karatasi hii: usikate tamaa kwa sababu mmoja amekufungia mlango. Sema kweli, fanya kazi, vumilia. Imani ya watu hurudi polepole.

Ndugu msomaji, leo jioni nani atakula nawe mezani? Nani amekosekana? Omba pamoja nami:

"Bwana Yesu, ulinipokea nikiwa mkosaji. Niondolee aibu na uchungu moyoni. Nipe nguvu ya kumpokea ndugu yangu, na hekima ya kutembea naye mpaka asimame. Amina."

Ukishaomba, inuka uende ukamwandalie mahali pa kulala.