MZAHA WA MPIRA NA HESHIMA YA MAITI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo hili lahusu jambo ambalo wengi hulihisabu dogo, nalo ni nyimbo na maneno ambayo wapenzi wa mpira huwatupia wapinzani wao kwa kuwatajia wafu wao, khasa wale waliokufa viwanjani au safarini kwa ajili ya mpira.

Mpira umependwa sana kisiwani Pemba. Alasiri ikisha kusaliwa, vijana hutoka viwanjani, Wete na Chake Chake, Mkoani na Micheweni, wakacheza mpaka adhana ya magharibi ikawatawanya. Na heri ingekuwa huwatawanya wote. Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa katika uwanja wa Gombani, Chake Chake, na timu ya Zanzibar ikaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 ikalitwaa kombe. Siku ile watu walikuwa upande mmoja. Siku nyingine hawako hivyo: yuko wa Simba na yuko wa Yanga, na katika hao hao yuko wa Liverpool, wa Arsenal na wa Manchester United, timu za miji ambayo wengi wao hawajapata kuikanyaga. Hukaa bega kwa bega katika kibanda umiza, wakautazama mchezo saa ile ile unapochezwa Uingereza, na kelele za watazamaji wa huko huzisikia kama kwamba wamo kati yao.

Lipasalo kufahamika kwanza ni kwamba mchezo wenyewe hauna ubaya, wala kupenda upande mmoja si haramu. Imepokewa na Bukhari kwa Salama bin Al-Akwa' ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kupiga mishale. Akawahimiza wapige, naye akajitia katika upande mmoja. Mara wale wa upande wa pili wakazuia mikono yao. Alipowauliza sababu, walisema watapigaje na hali yeye yu pamoja na wenzao. Ndipo akawaambia wapige, kwani yu pamoja nao wote. Katika khabari hii mna mambo mawili. La kwanza, yeye mwenyewe alichagua upande, basi kuchagua si dhambi. La pili, alipoona kule kuchagua kwake kumewavunja nyoyo wenzao, hakungoja mpaka mashindano yaishe.

Na khabari nyingine, naye kaipokea Bukhari kwa Anas, ni ya ngamia wa Mtume aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Akaja bedui na kijana cha ngamia akamshinda. Jambo hili likawauma Waislamu mpaka likaonekana nyusoni mwao. Mtume akawaambia kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu katika dunia illa hukishusha. Watu wale walihuzunika kwa ajili ya ngamia wa Mtume, wala hawakulaumiwa kwa huzuni yao, walituzwa tu. Lakini hapana aliyemtukana bedui, wala aliyemkumbusha wafu wake.

Ubaya huanza pale jina la upande linapokuwa kilio cha kukusanyia watu kwa ghadhabu. Katika safari moja ya vita mtu katika Muhajirina alimpiga teke mtu katika Ansari. Huyu akawaita Ansari wenziwe, na yule akawaita Muhajirina wenziwe, na watu wakakaribia kuvaana. Mtume akawaambia kuwa huo ni wito wa ujahili, wauache, kwani unanuka. Haya majina mawili, Muhajirina na Ansari, ni majina ambayo Mwenyezi Mungu ameyasifu katika Kurani. Ikiwa majina yaliyosifiwa hunuka yanapotumiwa hivyo, hali itakuwaje kwa majina ya timu zilizoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 na 1936?

Hata hivyo, utani wa Simba na Yanga kwa asili yake haukuwa mbaya. Mtu wa Simba humkumbusha mwenziwe mabao 6 ya mwaka 1977 na mabao 5 ya mwezi wa Mei 2012; na wa Yanga, tangu Novemba 5, 2023, timu yake iliposhinda kwa mabao 5 kwa 1, humwonyesha mtani wake vidole vitano kutoka ng'ambo ya njia bila ya kusema neno. Mzaha huu ni wa mambo ya mchezo, nao hukaa katika mchezo. Aliyechekwa leo hungoja zamu yake, kisha wakanywa kahawa pamoja barazani.

Sasa na litazamwe lile lililovuka mpaka, ambalo mfano wake mashuhuri uko Uingereza. Mnamo Februari 6, 1958, ndege iliyowachukua wachezaji wa Manchester United, wakirejea kutoka Belgrade, ilianguka katika mji wa Munich ikijaribu mara ya tatu kuruka katika theluji. Walikufa watu 23, na katika hao wachezaji 8. Na mnamo Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, wapenzi wa Liverpool walisongamana katika sehemu iliyozungushiwa vyuma, wakabanwa hata pumzi zikawakatika. Waliokufa kwa sababu ya siku ile wamefikia 97, na mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 10. Wa mwisho katika hisabu alifariki mwaka 2021, baada ya kuishi na madhara yake miaka 32.

Basi wako katika wapenzi wa timu hizi, na wa timu nyingine, waliozoea kunyoosha mikono mfano wa ndege mbele ya watu wa Manchester, na wengine kuwaimbia watu wa Liverpool ya kwamba waliokufa walijiua wenyewe au waliuawa na wenzao. Na la ajabu ni hili: kila mmoja wa watani hawa wawili ana maiti wake wa kuwalilia, na bado wako kwake wanaowacheka maiti wa mwenziwe.

Na nyimbo hizi, pamoja na kuwa ni ukatili, ni uwongo. Askari waliokuwa na kazi ya kulinda siku ile ya Hillsborough waliwatupia lawama wapenzi wa mpira, na gazeti likayatangaza yale, na jamaa za waliokufa wakakaa miaka 27 wakidai haki. Mwezi wa Aprili 2016 baraza la uchunguzi likakata kuwa watu wale waliuawa kinyume cha sharia, na kwamba wapenzi wa Liverpool hawakuwa na kosa. Anayeimba wimbo ule leo huwa amechukua buhtani iliyokwisha kuvunjwa barazani, akaifufua kwa ulimi wake. Mwezi wa Juni 2023 mtu mmoja aliingia uwanjani katika fainali ya kombe la Uingereza na fulana iliyoandikwa hisabu ya maiti hao kwa dhihaka. Alikamatwa, akatozwa faini, na akakatazwa viwanja kwa miaka minne. Nchi ambayo haihukumu kwa sharia ya Kiislamu imeona jambo hili ni kosa la kuhukumiwa. Basi Muislamu haoni haya kuliona ni mzaha?

Asidhani mtu kuwa haya ni ya Wazungu peke yao. Mnamo Februari 1, 2012, mjini Port Said, Misri, timu ya Al-Masry ilicheza na Al-Ahly ya Cairo. Yasemekana kuwa katika upande wa Ahly kilionekana kitambaa chenye maneno ya kuwadharau wanaume wa mji ule. Mchezo ulipokwisha watu walimiminika uwanjani na silaha, milango mingine ikawa imefungwa, wakafa watu 74. Al-Masry ndiyo iliyoshinda siku ile, mabao 3 kwa 1. Basi hata ushindi haukuwatosha. Wengi wa waliouawa na waliouwa walikuwa watu wa kibla kimoja. Haisemwi kuwa kitambaa kile peke yake ndicho kilichoua, kwani ziko sababu nyingine, za siasa na za ulinzi. Lakini hakuna ajuaye kabla ya kutamka ni neno gani litakaloangukia petroli.

Na karibu zaidi: uwanja wa Nyayo, Nairobi, Oktoba 23, 2010, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Mei 28, 2023, siku ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alikufa na wengine kama 30 wakaumia. Yule mmoja alitoka kwake akiwa amevaa vizuri kwenda kutazama mpira. Mtani wa Simba atakayetafuta kicheko katika kifo chake, ajue kuwa njia ya kuingilia ni ile ile, na watu wa Simba hupita papo hapo.

Lakini kwa watu wa Pemba kipimo cha jambo hili hakiko Sheffield wala Cairo. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, katika Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idd, meli ya Spice Islander ilitoka Unguja kuja Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Maiti waliopatikana walipita 200, na wengi wengine hawakuonekana tena mpaka leo. Iko miji Pemba ambamo hapana mtaa uliokosa matanga. Iko nyumba ambayo hata kaburi la kuzuru haina. Kisha, kabla mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe.

Na afikiri mtu wa Wete amesimama uwanjani ugenini, na watu elfu wa upande wa pili wakaanza kuimba kwa furaha juu ya meli ile, wakiigiza kwa mikono yao jinsi watu walivyokuwa wakizama. Atakuwa na hali gani? Na aliyempoteza mama yake au watoto wake katika usiku ule, akiwa kando yake, atamtazama vipi usoni? Jawabu atakayoipata moyoni mwake ndiyo hukumu ya wimbo wa Munich na wa Hillsborough. Kwani baba wa mtoto yule wa miaka 10 naye ni baba.

Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha katazo la Mtume la kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha fika kwenye yale waliyoyatanguliza. Na Tirmidhi amepokea kwa Mughira bin Shu'ba kuwa katika kuwatukana maiti mna kuwaudhi walio hai. Maiti hasikii wimbo wa uwanjani. Asikiaye ni mjane wake.

Suala: Huenda ikasemwa kuwa waliokufa katika viwanja vile vya Ulaya si Waislamu, basi hawana heshima hiyo.

Jawabu: Sahl bin Hunayf na Qays bin Sa'd walikuwa wameketi Qadisiyya, likapitishwa jeneza, wakasimama. Wakaambiwa kuwa ni la mtu asiye Muislamu. Wakasema kuwa Mtume alipitiwa na jeneza akasimama, na alipoambiwa ni la Yahudi, akauliza kama yule naye si nafsi. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Kusimama ni zaidi ya kunyamaza, na hapa linalotakiwa ni kunyamaza tu.

Suala: Huenda ikasemwa kuwa watani hutaniana hata msibani, na ada hii yajulikana bara na pwani.

Jawabu: Ni kweli. Lakini mtani wa msibani huja kwanza. Huchimba kaburi, huteka maji, hupika, hukaa na wafiwa, na katikati ya kazi hiyo husema neno la kuwachekesha ili mzigo uwapungukie. Nao wamempa ruhusa hiyo tangu kwa babu zao. Aliye uwanjani hakuja kuzika mtu, wala hakupewa ruhusa na mfiwa yeyote.

Suala: Na yule aimbaye kwa kufuata sauti tu, kwa lugha asiyoijua, hana habari ya Munich wala ya Hillsborough?

Jawabu: Huyu ni mwepesi kuliko ajuaye, lakini hakusalimika. Katika sura ya An-Nur, aya ya 15, wamelaumiwa waliopokezana kwa ndimi zao jambo wasilo na ujuzi nalo, wakidhani ni dogo, na hali mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Na yampasa aulize maana kabla ya kuimba; katika kila kibanda umiza hakosi kuwamo mmoja ajuaye Kiingereza.

Ama aliyekaa na watu wakaanza maneno haya, kwanza awaambie kwa upole, na amtangulize mzee ikiwa yuko, kwa kuwa kijana husikia zaidi kwa mzee wa mtaa wake kuliko kwa kijana mwenziwe wa timu ya pili. Wakikataa, asigombane nao akageuza nasaha kuwa fitina. Atoke nje, asimame barazani mpaka wamalize na kuingia katika mazungumzo mengine, kisha arudi mahali pake atazame mpira uliobaki.